UZI: Metali ya amofasi ikipashwa moto inageuka fuwele vipi? Zile nyuzi 510 za joto anazoandika mtengenezaji si ukuta

#1 TanuriMwanza

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi mwingine wa jukwaa unaohusu transfoma kuna swali linaulizwa mara kwa mara na linapita bila jibu: ule utepe mwembamba wa transfoma zenye kiini cha amofasi, kwa nini ukiwa mpya unaukunja hadi unalala na haukatiki, halafu ukishapita tanuri unavunjika ukiupinda kidogo tu? Na kwa nini tanuri hilohilo likizidisha joto, kiini kizima kinaharibika na hakirudi tena? Mambo haya ndiyo kazi yangu na nayapenda, kwa hiyo nimeona niyafungulie uzi wake. Ni marefu, mwenye haraka asome kwa awamu.

Nondo, waya wa shaba, sufuria ya alumini, vyote ni fuwele. Ndani yake atomu zimejipanga kwa safu zinazojirudia. Metali ikiyeyuka safu zinavunjika na atomu zinatangatanga. Ikipoa kwa mwendo wa kawaida zinajipanga upya. Kujipanga kunataka muda. Ukiipoza ghafla mno, atomu zinakwama palepale zilipokuwa, unapata kitu kigumu ambacho ndani yake kimepangika ovyo kama kimiminika. Hiyo ndiyo metali ya amofasi, au metali ya kioo.

Waliolionyesha hili kwa aloi iliyoyeyushwa ni Pol Duwez na wenzake Klement na Willens, pale chuo cha Caltech, California, mwaka 1960. Walichukua dhahabu na silikoni, atomu 75 kwa 25, wakalirusha tone dogo la aloi hiyo kwenye bamba la shaba likatandazika na kupoa kwa kasi inayokadiriwa kufika nyuzi milioni moja kwa sekunde. Wakapata kioo. Lakini kioo kile hakikudumu: kilijibadilisha chenyewe kikiwa kimekaa tu kwenye joto la chumba, bila tanuri wala mwali.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Metali ya kioo ina nishati kubwa kuliko fuwele za aloi ileile. Njia ya kushuka iko wazi muda wote. Kinachoizuia ni kwamba atomu zimebanana na haziwezi kusogea. Joto linazipa uwezo wa kusogea. Yanayobaki kuulizwa ni mawili: zitasogea upesi kiasi gani, na fuwele ngapi zitaanza kwa pamoja.

Utepe wa transfoma si wa dhahabu, ni wa chuma, silikoni na boroni. Mchanganyiko unaotajwa sana vitabuni ni atomu 78 za chuma, 9 za silikoni na 13 za boroni. Aloi iliyoyeyuka inamiminwa kupitia tundu jembamba juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi, inaruka upande wa pili ikiwa utepe wenye unene wa mikroni 25 hivi. Bati la kawaida la chuma cha silikoni la transfoma lina milimita 0.23 hadi 0.30, yaani karibu mara kumi. Haiwezekani kuunenepesha utepe huu utakavyo, maana katikati isingepoa upesi, ingegeuka fuwele kabla haijaganda kuwa kioo.

Nakuja na sehemu ya moto.

#2 ChumaChakavu

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 FundiKoili

Mkuu Tanuri, asante kwa kuanzisha. Mimi nasuka transfoma, za amofasi zimenipitia mkononi chache. Kinachonishangaza ni hiki: kama moto ndio unaouharibu utepe, kwa nini kiwandani wanauingiza tanurini kwa makusudi kabla ya kuuza? Si wangeuacha ulivyo?

#4 TanuriMwanza

FundiKoili, swali zuri, na ndiyo njia ya kuingia kwenye hatua za mpasho.

Utepe ukitoka kwenye gurudumu una misukosuko ndani yake. Umevutwa, umepoa upande mmoja kabla ya mwingine, halafu umeviringwa kuwa kiini, ukapindwa tena. Mikazo hiyo inasumbua sumaku: kila mahali penye mkazo sumaku inataka kuelekea upande wake. Kwa hiyo kiini kinaingizwa tanurini, kwa kawaida kati ya nyuzi 320 na 370 za Selsiasi, kikiwa ndani ya uga wa sumaku unaofuata urefu wa utepe. Atomu zinasogea kidogo sana, nafasi tupu zilizobaki katikati yao zinapungua, mikazo inaisha, na sumaku inakubali kulala upande tunaoutaka. Sumaku ya aloi hii hupotea ikifika karibu nyuzi 395, ndiyo maana mpasho unafanyika chini ya hapo, ili uga uwe na kitu cha kushika.

Hatua hii bado si kugeuka fuwele. Ukiupiga utepe eksirei utaona mwanga mpana uliofifia wa kitu kisichopangika, hakuna mistari mikali ya fuwele. Ni kutulia tu, na bei ya kutulia ni wepesi wa kuvunjika. Kioo kipya cha metali kinapinda kwa sababu kuna nafasi za atomu kuteleza. Nafasi zikibanwa, kuteleza kunakuwa kugumu, nguvu yote inahamia kwenye ufa. Ndiyo maana kiini cha amofasi kikishapita tanuri hakitaki kugongwa wala kulazimishwa.

Kuna kipimo rahisi cha hili ambacho mtu anaweza kukifanya mezani. Kunja utepe katikati ya bamba mbili sambamba, zisogeze taratibu, soma umbali kati ya bamba pale utepe unapokatika. Mkunjuko uliohimiliwa ni unene wa utepe ukigawanywa kwa umbali huo ukitoa unene. Utepe mpya unafunga bamba hadi zinakutana bila kukatika, unahesabiwa 1. Utepe wa mikroni 25 ukikatika bamba zikiwa zimeachana milimita 2.5, umebaki na asilimia moja. Macho hayaoni tofauti yoyote kati ya tepe hizo mbili. Zote zinang'aa vilevile.

Joto likipanda zaidi ndipo fuwele zinapoanza. Kwa aloi hii ya chuma, silikoni na boroni zinakuja kwa mikupuo miwili iliyokaribiana. Kwanza vinajitokeza vijifuwele vya chuma chenye silikoni ndani yake. Chuma hakipendi kubeba boroni, kwa hiyo kila kijifuwele kikikua kinaisukuma boroni pembeni, na kioo kilichobaki kinazidi kujaa boroni. Kikishindwa kuibeba, nacho kinageuka, zinatoka fuwele za boridi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na boroni. Boridi hii ndiyo adui wa sumaku laini, yaani ile inayogeuzwa upande kwa urahisi: ina upande mmoja inaoupenda mno, mipaka ya maeneo ya sumaku ikifika pale inakwama, na kila mzunguko wa umeme unapoteza nishati kuikwamua. Transfoma iliyonunuliwa kwa sababu hasara yake ya bila mzigo, yaani umeme inaoupoteza ikiwa imewashwa tu, ni pungufu kwa asilimia 60 hadi 70 ukilinganisha na ya chuma cha silikoni, faida hiyo inakwisha.

#5 MzeeGerezani

Nimesoma. Lakini vijana mnazungusha maneno. Karatasi ya mtengenezaji wa utepe wa transfoma uitwao 2605SA1 imeandika joto la kugeuka fuwele ni nyuzi 510 hivi. Nyuzi 500 uko salama, 520 umeharibu. Mbona jambo jepesi linafanywa hadithi?

#6 TanuriMwanza

Mzee Gerezani, shikamoo. Namba ya kwenye karatasi ni ya kweli. Ila ni namba ya mpasho wa kasi fulani, kwenye kipimo fulani. Maji yakichemka kwa nyuzi 100 hata uyapashe polepole vipi yatasubiri 100. Kioo cha metali hakisubiri. Ngoja niweke hesabu hapa tuione wote.

Mbinu ya Kissinger ya mwaka 1957 inafanya hivi: unapasha vipande vya utepe uleule kwa kasi tofauti, nyuzi 5 kwa dakika, 10, 20, 40, unasoma kilele cha joto linalotoka wakati fuwele zinajijenga. Ukipasha haraka kilele kinasogea juu. Ukipasha polepole kinashuka. Kwa namna kilivyosogea unapata kizingiti cha nishati ambacho atomu zinapaswa kukivuka.

Kwa mfano tu, tuchukue kizingiti cha kilojuli 350 kwa moli, ambacho kwa aloi za jamii hii ni cha kawaida, na kilele kwenye Kelvini 800, yaani nyuzi 527, kwa kasi ya nyuzi 20 kwa dakika. Kila ukiongeza kasi maradufu, kilele kinapanda kama nyuzi 10. Tayari namba imeanza kutembea.

Sasa geuza hesabu. Utepe ukikaa mahali pamoja bila kupandishwa, itachukua muda gani sehemu kubwa yake kugeuka?

Kwenye nyuzi 527, chini ya dakika moja.
Kwenye 450, kama saa tatu na nusu.
Kwenye 420, chini kidogo ya siku mbili.
Kwenye 350, zaidi ya miaka minne.
Kwenye 150, muda unaozidi umri wa dunia mara nyingi sana.

Ni hesabu ya kunyoosha mstari, na mstari ukivutwa mbali hivyo namba za chini ni za kuonyesha ukubwa tu. Hata hivyo tazama, Mzee: nyuzi 450 ziko 60 chini ya 510, na mtu aliyeacha kiini humo usiku kucha atakuta fuwele asubuhi. Kwa upande mwingine ukikipitisha 520 kwa sehemu ndogo ya sekunde, kinatoka kikiwa kioo. Nyuzi 510 si ukuta. Anayeandika joto bila kuandika muda ameandika nusu ya habari.

#7 MzeeGerezani

Marahaba. Hiyo ya 450 usiku kucha imenifikia. Basi nyuzi 350 za kiwandani nazo zinajenga fuwele, ila polepole?

#8 TanuriMwanza

Kabisa Mzee. Saa moja au mbili kati ya miaka minne ni kidogo mno kuhesabika ndani ya utepe. Kwenye uso wa utepe tahadhari inahitajika, kwa sababu pale mambo yanaanza mapema: hewa inakula boroni na silikoni, inaacha chuma kingi, na chuma kingi kinageuka fuwele kwa urahisi. Ndiyo sababu viwanda vinapasha ndani ya naitrojeni.

#9 DadaMaabara

Habari zenu. Nimefanya kazi na kalorimita ya kutofautisha, hivyo niongezee upande wa kipimo, kwa sababu wengi wanaisoma chati vibaya.

Kifaa kina vijisahani viwili, kimoja kina sampuli na kingine ni cha kulinganishia. Vyote vinapashwa sawasawa. Fuwele zikianza, sampuli inatoa joto la ziada na chati inaonyesha kilima. Ni nishati ileile aliyoisema Tanuri kwamba kioo kimeikalia. Inatoka yote ndani ya dakika chache. Mahali kilima kinapoanza ndipo panaandikwa kama joto la kugeuka fuwele. Kilele ni mahali pengine, juu zaidi. Ukilinganisha mwanzo wa mtu mmoja na kilele cha mtu mwingine utadhani ni aloi mbili.

Idadi ya vilima inakuambia namna aloi inavyogeuka. Uwe Köster wa Ujerumani alizipanga namna hizo vizuri, na mfano wake mzuri ni chuma na boroni peke yake. Boroni ikiwa 14 kwa 100, chuma kinajitenga kwanza, kioo kilichobaki kinafuata baadaye: vilima viwili. Boroni ikiwa 20, chuma na boridi zinakua bega kwa bega katika kijifuwele kimoja, kilima kimoja. Boroni ikiwa 25, kioo kina uwiano uleule wa boridi ya Fe3B, kwa hiyo hakuna haja ya kutenganisha kitu, kinageuka chote kuwa boridi kwa mkupuo. Boroni ikiongezwa kidogo tu, njia yote inabadilika. Napenda sana mfano huu kwa sababu hauhitaji vipimo vya ajabu kuuelewa.

Ombi moja: msiridhike na kalorimita peke yake. Piga eksirei kabla na baada. Kilima kinasema kuna kitu kimebadilika. Mistari ya eksirei ndiyo inayosema ni nini.

#10 KijanaWaFizikia

Mimi ni mwanafunzi, naomba kuuliza. Kama kioo kinapatikana kwa kuipoza aloi kwa kasi fulani bila fuwele, si ina maana ukiipasha kwa kasi ileile utavuka eneo lilelile bila fuwele? Joto ni yaleyale, muda ni uleule. Naona kama njia ni moja, kwenda na kurudi.

#11 DadaMaabara

Kijana, swali lako lilifanyiwa kazi nzito na kundi la Caltech. Jibu ni hapana, na tofauti ni kubwa.

Mwaka 1993 Atakan Peker na William Johnson walitangaza aloi ya zirkoniamu, titaniamu, shaba, nikeli na beriliamu ambayo inakuwa kioo hata ikipozwa kwa nyuzi moja tu kwa sekunde. Ndiyo Vitreloy 1, unaweza kuimwaga kipande kinene cha sentimita kadhaa. Walipokuja kuipasha kutoka kwenye hali ya kioo, ilihitajika kasi ya nyuzi 200 hivi kwa sekunde ili ifike kwenye kimiminika bila kugeuka fuwele. Kushuka ni 1, kupanda ni 200. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1999 na Jan Schroers na wenzake.

Sababu ni kwamba kugeuka fuwele ni mambo mawili yenye majira tofauti. Kuna kuanza kwa mbegu, yaani vijikundi vidogo vya atomu vilivyofanikiwa kujipanga na kubaki. Na kuna kukua kwa mbegu hizo. Mbegu zinaanza kwa wingi kwenye joto la chini kidogo, kwa sababu pale hamu ya kuwa fuwele ni kubwa. Kukua kunapamba moto kwenye joto la juu, kwa sababu pale atomu zinatembea.

Ukishuka kutoka juu, unapita kwanza eneo la kukua, lakini mbegu hazipo, hakuna cha kukua. Halafu unafika eneo la mbegu, zinaanza, lakini sasa pamepoa, haziendi popote. Zinagandishwa humo ndani, ndogo mno hata eksirei haizioni. Ukipanda kutoka chini, unaongeza mbegu njiani, kisha unazipeleka zote kwenye eneo la kukua zikiwa tayari. Kwa hiyo njia si moja. Metali inakumbuka ilikotoka.

#12 KijanaWaFizikia

Dada, nimeelewa, na sasa nimeelewa pia ile chati ya darasani yenye umbo la S, ya fuwele zinavyoongezeka kadiri muda unavyokwenda! Mwanzo pole kwa sababu mbegu chache, katikati kasi, mwisho pole kwa sababu fuwele zinagongana. Wenye fomula yake ni Kolmogorov 1937, Johnson na Mehl 1939, Avrami. Tulikariri tu.

#13 TanuriMwanza

Kijana, ndiyo hiyo. Na kundi la William Johnson wa Caltech, si huyo Johnson wa 1939, halikuishia hapo. Mwaka 2011 walionyesha kwamba ukiipitishia fimbo ya metali ya kioo umeme wa ghafla kutoka kwenye kapasita, inapata moto wote ndani ya milisekunde, kwa kasi ya karibu nyuzi milioni kwa sekunde, na inafika kwenye ulaini wa plastiki iliyoyeyuka kabla mbegu hazijapata nafasi. Wakaisukuma kwenye kalibu, ikapoa, ikatoka ikiwa kioo bado. Walishindana na muda wakashinda.

#14 FundiKoili

Haya. Mpaka hapa fuwele ni adui. Lakini kuna viini vingine nimekutana navyo kwenye vifaa vya kukata umeme unapovuja na kwenye vichujio vya inveta, vimefungwa ndani ya plastiki kama pete, muuzaji anasema ni "nano". Utepe wake ukiugusa unasagika. Hivyo navyo vimeungua?

#15 TanuriMwanza

Fundi, hapo umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Havijaungua. Vimegeuzwa fuwele kwa makusudi, na vikasimamishwa njiani.

Mwaka 1988 Yoshizawa, Oguma na Yamauchi wa Hitachi Metals, Japani, walitoa aloi iliyokuja kuitwa FINEMET. Chuma 73.5, silikoni 13.5, boroni 9, niobiamu 3, shaba 1. Ukiiangalia haraka ni ileile ya transfoma na viungo viwili vimeongezwa, niobiamu na shaba. Inamiminwa kwenye gurudumu, inatoka utepe wa amofasi, kisha inapashwa karibu nyuzi 550 kwa saa moja, juu kabisa ya mahali ambapo utepe wa kawaida ungekuwa umekwisha. Inatoka na fuwele ndogo za chuma na silikoni, kila moja ina nanomita 10 hadi 15, zimejaa zaidi ya theluthi mbili ya ujazo, na katikati yake kimebaki kioo.

Kazi ya shaba na niobiamu ndiyo uzuri wenyewe. Shaba na chuma havielewani. Mpasho ukianza, atomu za shaba zinakimbiliana na kufanya vijikundi vidogo mno, kila mahali ndani ya utepe, kabla fuwele ya kwanza ya chuma haijatokea. Kila kijikundi kinakuwa mahali pa chuma kuanzia. Kazuhiro Hono na wenzake huko Japani waliviona vijikundi hivyo kwa chombo kinachong'oa atomu moja moja na kuzihesabu. Niobiamu inafanya kinyume: atomu yake ni kubwa na inatembea kwa shida. Fuwele ya chuma haiikubali ndani, inaisukumia nje, na niobiamu inarundikana kuizunguka pamoja na boroni. Ili fuwele iongezeke inabidi niobiamu ihame kwanza, nayo haihami upesi. Kukua kunakatika. Zaidi ya hapo, kioo kilichobaki sasa kina niobiamu na boroni nyingi, hivyo kimekuwa kigumu kugeuka kuliko kile cha mwanzo, na boridi inacheleweshwa mpaka joto la juu zaidi.

Mkulima anajua: ukipanda mahindi yaliyobanana sana, kila mche unabaki mdogo kwa sababu jirani amekwishachukua nafasi. Shaba inapanda kwa kubananisha, niobiamu inanyima mbolea.

Kwa nini udogo una maana? Fuwele ya chuma ina upande inaopenda sumaku ielekee. Fuwele zikiwa kubwa kila moja inavuta kwake na sumaku inanasa. Zikiwa ndogo kuliko umbali ambao sumaku inaweza kugeuka, mivuto ya jirani kwa jirani inafutana. Giselher Herzer wa Vacuumschmelze, Ujerumani, alionyesha kwamba katika ukubwa huo ugumu wa sumaku unafuata kipenyo cha fuwele kwa kipeo cha sita. Kipeo cha sita, wakuu! Kipenyo kikiongezeka maradufu, ugumu unapanda mara 64. Ndiyo maana hatuchezi na joto wala muda: kutoka nanomita 12 kwenda 24 hakuna jicho litakaloona, lakini kiini kimeshabadilika tabia.

Kwa hiyo fuwele za aina ileile, chuma na silikoni, kwenye utepe mmoja zinaleta hasara na kwenye mwingine zinaleta mojawapo ya sumaku laini bora kuwahi kutengenezwa. Kilichotofautiana ni wingi wa mbegu na kasi ya kukua.

#16 FundiKoili

Nimekaa chini. Kwa hiyo wepesi wa kuvunjika umekubaliwa ndani ya mpango, ndiyo sababu ya ile plastiki.

#17 TanuriMwanza

Ndiyo. Utepe unaviringwa ukiwa bado amofasi, unapashwa ukiwa tayari na umbo la pete, unaingizwa kwenye kasha, haukunjwi tena maishani mwake.

#18 SemaKweli_Nakuru

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Nilifanya tasnifu kwenye mambo ya tanuri, niseme jambo moja ambalo vitabu vinalipitia haraka. Lile joto linalotoka fuwele zikijijenga, kwenye sampuli ya miligramu 20 ni kilima kwenye chati. Kwenye kiini cha kilo kadhaa ni hatari. Katikati ya kiini hapapumui, joto linajikusanya, linaharakisha fuwele, fuwele zinatoa joto zaidi. Kipimajoto cha tanuri kitaonyesha 550 na katikati ya kiini pamezidi hapo kwa makumi ya nyuzi. Ukipima baadaye unakuta nje ya pete ni nzuri na ndani kuna boridi.

Dawa ni kupanda haraka mpaka chini kidogo ya mwanzo wa kilima, kusimama hapo joto lisawazike, kisha kuvuka eneo la fuwele kwa mwendo wa taratibu sana ili joto lipate njia ya kutoka. Au viini vipashwe vimeachana, si kurundikwa.

#19 DadaMaabara

SemaKweli, nakuunga mkono, ila uonye kwamba dawa hiyo ni ya aloi zenye niobiamu. Kuna jamii nyingine, ile ya Akihiro Makino wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai, ya chuma, silikoni, boroni, fosforasi na shaba. Chuma chake ni kingi zaidi, hivyo inabeba sumaku karibu Tesla 1.8, wakati FINEMET iko kama 1.24 na utepe wa transfoma 1.56. Lakini haina niobiamu ya kuzuia kukua. Ukiivusha taratibu, mbegu za kwanza zinanenepa kabla za mwisho hazijaanza, na unapata fuwele kubwa kwa ndogo. Hiyo inataka ipashwe haraka, mamia ya nyuzi kwa dakika. Na ukiipasha haraka ikiwa rundo, lile joto la ndani analolisema SemaKweli linakurukia. Ndiyo maana kuifanya kiini kikubwa ni kazi ngumu kuliko kuifanya sampuli ya maabara.

#20 SemaKweli_Nakuru

Sahihi kabisa dada. Kasi inayofaa aloi moja inaua nyingine.

#21 ChumaChakavu

Mimi biashara yangu iko kwenye jina. Nina swali la mwisho kama wakuu hamjachoka. Kiini cha amofasi kilichoungua kwenye transfoma, kikageuka fuwele: naweza kukirudisha kuwa kioo kwa kukipasha tena na kukitumbukiza kwenye maji? Kuna jamaa ananiambia inawezekana, kama fundi anavyoigumisha patasi.

#22 TanuriMwanza

Haiwezekani, mkuu, usimpe hela yako. Patasi inapashwa ikiwa bado ngumu, haijayeyuka, atomu zinabadilisha mpangilio mmoja wa fuwele kwenda mwingine, maji yanatosha. Kurudi kwenye kioo lazima mpangilio wote ufutwe, na unafutwa kwa kuyeyusha tu. Aloi hii inataka zaidi ya nyuzi 1100. Ukishayeyusha, maji hayapozi upesi kiasi cha kutosha kipande cha unene wa kawaida. Unarudi kwenye gurudumu la shaba na utepe wa mikroni 25. Hiyo ni kazi ya kiwanda.

Thamani yake kwako ni kama chakavu chenye boroni na silikoni, na ukimpelekea mtu wa tanuri la kuyeyushia mwambie hivyo wazi, kwa sababu boroni nyingi ikiingia kwenye chuma cha nondo inamharibia. Usichanganye na chakavu cha bati la silikoni. Kuzitofautisha ni rahisi: bati la transfoma ni nene, unalihisi kidoleni, na linapinda, la amofasi lililopita moto ni jembamba kuliko karatasi ya daftari na linavunjika vipande vyenye kingo kali. Vaa glovu na miwani, vile vipande vinaruka.